Jawabu kwa Wanaosema Duka Si Darasa

Katika mazungumzo ya barazani hapa Mwanga, Kigoma, na hata ndani ya daladala ziteremkazo Ujiji, imezuka kauli ambayo kwa kurudiwa mara nyingi imekwisha kupewa taadhima ya hekima, nayo ni hii: kwamba dukani ni mahali pa kulipa na kuondoka, na kwamba mwanamke atakaye kujua namna ya kupaka poda, wanja na rangi ya mdomo asimsumbue muuzaji kwa maswali wala asikalie kigoda chake apakwe, kwa kuwa elimu yote hiyo imo bure ndani ya simu, na kwa kuwa muuzaji, awe mwema wa namna gani, hamfundishi mteja ila kwa tamaa ya kumwuzia. Wasemao hivyo si wajinga. Wamo miongoni mwao walimu wa sekondari, wamo waume wanaohesabu fedha za nyumbani kwa uangalifu, na wamo mabinti wenyewe ambao wamekwisha kulizwa na maduka. Mmoja wao, jirani yangu ninayemheshimu sana, alinikabili juzi sokoni, kapu la dagaa mkononi, akaniambia, "Bibi, siku hizi somo yuko kiganjani." Nilicheka naye, nikanunua nyanya zangu, nikarudi nyumbani, lakini neno lile lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni, na nimeona ni insafu kulijibu kwa kirefu, kwa sababu naiona kauli hiyo imekosea, na imekosea mahali ambapo kosa huonekana usoni mwa watu.

Naanza na jambo ambalo wapinzani wangu wanalijua ila hawalitaji. Zamani za usichana wangu, binti wa Ujiji hakukabidhiwa pambo kabla hajafundishwa kulitumia. Mimi nilipelekwa kwa somo katika nyumba ya udongo yenye baraza pana na mwembe nyuma yake, na siku ya kwanza hakunipa kitu cha kujipaka; alinipa jiwe la kusagia na kipande cha msandali, akaniamuru nisage na maji kidogo kidogo hata liwa iwe laini kiasi kwamba ukiisugua kati ya vidole viwili husikii chembe. Nilisaga siku tatu. Siku ya nne alinikalisha kigodani karibu na mlango, akanitia wanja jicho la kulia, kisha akanikabidhi kijiti na kusema kwamba la kushoto ni langu. Mkono ulitetemeka, nikalichafua shavu. Akalifuta kwa pamba yenye mafuta ya mise, akanirudishia kijiti bila ya neno. Nikalichafua tena, akalifuta tena, na jua likazunguka hata likatua upande wa ziwa, na hakunipaka lile jicho la kushoto hata siku ile ilipokwisha. Leo nina wajukuu, macho yangu yamefifia, na bado naweza kujitia wanja gizani.

Desturi hiyo haikuota ufukweni kama matete. Ilipanda na misafara kutoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora, na Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 walikuta njia hiyo imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotangulia. Na katika karne ile ile ushanga ulioitwa sofi ulikuwa ndio sarafu ya soko la Ujiji, chakula kikanunuliwa kwao kama sisi tununuavyo kwa noti. Mji ambao ushanga wake ulikuwa fedha hauwezi kuambiwa kwamba mapambo ni mambo ya juzi yaliyokuja na kamera. Kilichokuja juzi ni mtengano: makungwi wamepungua, maduka yameongezeka, na duka limerithi vyombo vya kungwi pasipo kurithi kazi yake. Wapinzani wangu wameutazama mtengano huo wakauita maendeleo. Mimi nauita mirathi iliyogawanywa vibaya.

Ama kuhusu simu, sina uadui nayo. Imenionyesha mikono ya wapambaji wa Lagos na ya Mumbai, nami nimejifunza humo namna ya kukunja kilemba ambayo somo wangu hakuijua. Lakini mjukuu wangu, binti wa miaka 19, maji ya kunde kama mama yake, alikaa nayo mwezi mzima akimtazama mwalimu mmoja wa ng'ambo, akayahifadhi maneno yake kama ahifadhivyo mtoto wa madrasa, na mimi ndimi niliyeshuhudia matokeo. Arusi ilikuwa Gungu, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, wakati vumbi jekundu la kiangazi linapokaa juu ya kila kitu. Alikuwa amekwenda katika duka fulani akataja namba ya faundesheni aliyoisikia kwa mwalimu wake. Muuzaji, bila ya kuinua macho, akamsukumia chupa iliyokaribia namba ile, akapokea fedha, na biashara ikaisha kama wasemavyo wapinzani wangu kwamba biashara inapasa kuisha. Asubuhi, chini ya taa ya chumbani, nakiri kwamba alipendeza. Ilipofika adhuhuri uso ulikuwa na rangi moja na shingo rangi nyingine, jasho limechimba njia kutoka kwenye paji, ukope mmoja wa kubandika umeachia na kope ya jicho lile imevimba. Na picha zilipoletwa, chini ya macho yake palikuwa na weupe kama mtu aliyelala juu ya gunia la unga.

Ndugu zake walimcheka, naye akalia. Mimi nilitaka kujua sababu, na kwa kuwa mpambaji mmoja mzoefu wa hapa Mwanga alikuwa ukumbini, nilimwuliza, naye alinieleza kila jambo kwa asili yake. Faundesheni, alisema, huwa na rangi moja ikiwa mbichi na nyingine ikikauka, maana ikikutana na mafuta ya ngozi na hewa hugeuka, aghalabu ikaelekea giza au wekundu, na kwa hiyo haichaguliwi kwa dakika moja bali kwa robo ya saa. Poda ile iliyodhaniwa kuwa haina rangi ina chembe zinazorudisha mwanga wa kamera, hata uso ulio mzuri machoni mwa watu ukawa mweupe ndani ya picha iliyopigwa kwa flashi. Gundi ya kope ilipasa ijaribiwe nyuma ya sikio siku moja kabla, kwa kuwa ngozi za watu hazikubaliani na gundi zote. Nikamwuliza mjukuu wangu kama mwalimu wake hakuyasema hayo. Akasema mengine aliyasema. Basi kosa halikuwa la upungufu wa maneno. Mwalimu yule alisema na maelfu ya watu wasioonekana, akiwa ndani ya chumba chenye baridi ya mashine na taa ya duara mbele ya uso wake, na katika maelfu hao hakumwona huyu mmoja. Simu huonyesha, haioni. Haikuona kwamba paji la binti huyu ni jeusi kuliko mashavu, kama walivyo wengi wetu, na kwamba shingo ina rangi yake ya tatu. Haikujua kwamba atakuwa nje saa saba mchana chini ya turubai la buluu, penye joto la kuyeyusha mshumaa. Wala haikuweza kumshika kifundo cha mkono ilipouona unasugua pale ulipopasa kugonga.

Na ufundi wa kupaka, wasomaji wangu, ni ufundi wa kifundo cha mkono. Hakuna mtu aliyejifunza kupiga kasia kwa kuwatazama wavuvi wa Katonga akiwa ufukweni, ingawa awatazame miaka 20. Wenye kutinda nyusi wanalijua hilo, wasusi wanalijua, mafundi cherehani wanalijua na ndiyo maana humweka mwanafunzi begani pao. Sielewi kwa nini uso peke yake umetolewa katika kanuni hii, isipokuwa iwe ni kwa sababu ni mambo ya wanawake, na mambo ya wanawake hudhaniwa kuwa hayana ufundi.

Watanijibu: haya, tukubali kwamba macho ya mtu ni bora kuliko kioo cha simu, lakini macho ya muuzaji yanatazama mkoba. Hoja hii ndiyo wanayoipenda kuliko zote, nami nashangaa kwamba haijawahi kuwachosha. Kwani ni mwalimu gani wa kazi za mikono katika nchi yetu asiyeuza? Fundi anayenionyesha namna ya kukata kitenge nisipoteze mkono mmoja wa kitambaa ndiye huyo huyo anayeniuzia nyuzi, na mama wa Kibirizi anielezaye kwamba dagaa hawa waanikwe leo kwa kuwa kesho kutanyesha ndiye anayetaka ninunue kapu zima. Na hakuna aliyenishauri niwaite matapeli. Faida ya muuzaji iko wazi mezani, naiona, naweza kuipima na kuipunguza katika maneno yake kama nipunguzavyo bei. Faida ya mwalimu wa simu je? Wengi wao hupewa vipodozi na makampuni, wengine hulipwa kwa kila jina la bidhaa walitajalo, na mtazamaji wa Kigoma, aliye mbali na kampuni na mbali na mwalimu, hana njia ya kujua ni sifa ipi iliyotoka moyoni na ipi iliyonunuliwa.

Fauka ya hayo, muuzaji wa Mwanga hana pa kukimbilia. Akinipaka rangi isiyo yangu, kesho nitapita mbele ya mlango wake na uso huu huu, na keshokutwa nitakutana naye msibani, na wiki ijayo mwanawe na mjukuu wangu watakaa dawati moja. Haya ni dhamana ambayo hakuna mwalimu wa ng'ambo aliyeiweka. Nami nina sharti langu ambalo huwapa mabinti wote wanaonijia kwa shauri: mwambie muuzaji akupake, umshukuru, kisha usinunue, ondoka na ile rangi usoni, nenda sokoni, panda kilima cha kwenu, pika, toa jasho, na ukirudi jioni nayo ikiwa bado imetulia, nunua. Muuzaji atakayekasirika kwa sharti hilo amekwisha kukueleza habari za bidhaa yake bila ya wewe kuuliza.

Nafika sasa kwenye hoja nzito, ambayo siwezi kuipita kwa mzaha. Wapo wanaosema: Bibi, unatupeleka kwa nani? Si hao hao wauzaji waliowachanganyia mabinti zetu mkorogo? Si ndani ya maduka hayo hayo zinamotiwa kwenye vikopo visivyo na jina krimu tatu na sindano moja, wakaambiwa wapake usiku? Ni kweli, na kweli hiyo inauma. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo hupenya ngozi ikaenda kuharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu humgeukia mwenyewe, uso uliotakwa uwe mweupe ukafanya mabaka meusi ya buluu yasiyotoka. Sheria tunazo tangu Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2003. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango. Na mataifa yalikwisha kupatana katika Mkataba wa Minamata wa 2013 juu ya kuiondoa zebaki katika vipodozi. Pamoja na hayo yote, vikopo vinavuka ziwa, vinateremka kwenye treni, vinafika.

Lakini tazameni mkorogo unauzwaje. Hauuzwi juu ya kigoda mbele ya mlango, wanawake wengine wakitazama na kuuliza hiki ni nini na kile kimeandikwaje. Unauzwa kwa kunong'ona, kutoka chini ya meza, umefungwa katika mfuko mweusi, na maelezo yake yote ni "paka usiku." Mtaa wetu umepewa jina lenye maana mbili: mwanga ni nuru, na mwanga ni yule mchawi aendaye uchi usiku wa manane, na biashara ya uso hapa kwetu ina hizo namna mbili vilevile. Wapinzani wangu, kwa kumchukia wa pili, wanataka kumfungia mlango wa kwanza. Mimi nasema kwamba mkorogo ulistawi hasa pale mafunzo yalipokoma, kwa maana binti ambaye hajapata kuonyeshwa jinsi uso mweusi unavyong'aa kwa rangi yake mwenyewe, aliyejipaka poda isiyo yake akatoka na majivu usoni, hadhani kwamba poda ndiyo iliyokosea. Hudhani ngozi yake ndiyo iliyokosea. Na akishafika hapo, mwenye kikopo hana haja ya kumshawishi.

Wala kupiga marufuku peke yake hakukutufikisha mbali. Wazee wenzangu wanaikumbuka Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968 ili ianze kutekelezwa mwanzoni mwa 1969, ikakataza sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kujichubua, ambazo wakati ule jina lake lililovuma magazetini lilikuwa Ambi. Sibishani na nia yake juu ya krimu; laiti ingefaulu katika hilo moja ningeisamehe mengine. Lakini ilipanga vijana wa kuwakamata wanawake barabarani, wala haikupanga mtu wa kuwakalisha na kuwaeleza ni nini kilichomo ndani ya chupa na ni kipi cha kuweka badala yake, na miaka zaidi ya 50 baadaye tunazungumza habari zile zile kwa majina mapya ya krimu.

Wako pia wenye kusema kwamba mwanamke asipake kitu chochote, uzuri wa asili unatosha. Hao nawaacha na asili yao. Aghalabu ni wanaume, na ndevu zao zimechongwa.

Kuna pingamizi moja la dhati ambalo nalikubali pasipo kuvuta miguu, nalo ni la usafi. Rangi ya mdomo iliyo wazi juu ya kaunta, ambayo tangu asubuhi imepita midomo minane, si ya kujaribiwa na mtu mwenye akili. Kijiti cha wanja kikitoka jicho jekundu kikaingia jicho zima, kesho yatakuwa mekundu manne. Brashi isiyooshwa hubeba vipele kutoka shavu hadi shavu. Lakini dawa ya haya si kukifukuza kigoda, kama vile dawa ya kinyozi mchafu haikuwa kuacha kunyoa. Rangi ya mdomo hukwanguliwa kwa kijiti safi ikapakwa kutoka kwenye kijiti. Wanja wa majaribio haugusi jicho, huchorwa mkononi. Sponji ni la mteja mwenyewe, naye hulinunua na kwenda nalo nyumbani. Spiriti na pamba vikae mezani mahali pa kuonekana. Muuzaji anayenawa mikono mbele yangu kabla ya kunigusa amekwisha kunifundisha somo la kwanza. Na niseme pia, ili nisionekane kuyatukuza ya kale kupita kiasi, kwamba wanja wetu wa zamani haukuwa salama wote, kwani mwingine ulisagwa kutokana na mawe yenye risasi. Somo wangu hakulijua hilo, nami namwombea rehema.

Kisha kuna suala la rangi zenyewe. Mwanga iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kariakoo kwa reli, na bidhaa ikisafiri mwendo huo huchaguliwa na mtu asiyetujua: nimeingia maduka ambamo faundesheni zilikuwa za rangi tatu, na zote tatu zilifanana na ganda la karanga, ilhali mtaani kuna mweusi tii, kuna maji ya kunde, kuna mwekundu wa Kimanyema, na kati ya hao kuna ngazi zisizo na hesabu. Wapinzani wangu wanauliza: kama rangi hazipo, kigoda kitafundisha nini? Nami nawajibu kwamba ni kigoda ndicho huleta rangi. Muuzaji ambaye hapaki mtu hajui kwamba rangi zake haziwafai wateja, maana mteja hununua, huenda nyumbani, hujiona kama mzuka, na hunyamaza. Bali yule anayepaka nyuso kumi kwa siku huona kwa macho yake mwenyewe ni chupa gani iliyokosekana, na safari ijayo huagiza. Ndivyo mambo yalivyokwenda kwingineko. Huko Marekani Eunice Johnson aliwaona wanamitindo weusi wa maonyesho yake wakichanganya faundesheni mbili tatu ili wapate rangi ya nyuso zao, na kutokana na mchanganyiko ule wa mkono vikatoka vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973, vilivyouzwa juu ya kaunta za maduka makubwa. Nairobi, Suzie Wokabi alikuwa mpambaji kabla ya kuwa mwenye SuzieBeauty, na Dar es Salaam marehemu Shekha Nasser alitoka katika kazi ya saluni na duka akafika kwenye vipodozi vyake mwenyewe vya LuvTouch Manjano. Fenty Beauty ilipotokea mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo mmoja, dunia ilishangaa kana kwamba jambo hilo lilishuka kutoka mbinguni. Wapambaji hawakushangaa, kwa kuwa wao walikuwa wakizichanganya rangi hizo nyuma ya mikono yao miaka yote.

Basi ninachowataka wenye maduka ya Mwanga si hisani. Nawataka waweke kigoda, na wakiweke karibu na mlango, si kule ndani chini ya mirija ya taa nyeupe ambayo humfanya kila mtu aonekane ametoka hospitali. Wakitundike kioo kikielekea nje. Na wachague miongoni mwa wasichana wao mmoja ambaye mkono wake umetulia, wampeleke ajifunze. Sioni kwa nini binti aliyesomea urembo katika vyuo vya VETA asiwekwe siku mbili kwa wiki katika duka la vipodozi, akalipwa na duka, mteja asitozwe kitu.

Haya siyaombi kama ndoto. Wiki iliyopita nilipita katika duka moja dogo la njia ya sokoni, ambalo mwenyewe ni mama wa makamo aliyekuwa msusi, nikamkuta ametoa kigoda cha plastiki hadi barazani na juu yake ameketi binti wa Katonga. Sendofu yake ilikuwa Jumamosi. Mama yake, mfanyabiashara wa dagaa, alisimama pembeni na ndoo mkononi, na bodaboda iliyowaleta ilikuwa bado inanguruma.

"Umenawa kwa nini, mwanangu?" mwenye duka aliuliza, akimgusa shavu kwa nyuma ya kidole.

"Sabuni ya kufulia, mama."

"Haya. Basi tupake mafuta, tuyasubiri yaingie."

Walisubiri. Kisha akatoa chupa tatu, akamchora taya mistari mitatu mifupi, wala hakumchora mkononi kama wafanyavyo wengi, na badala ya kumwonyesha kioo akamwambia atembee hadi kwa mchoma mahindi, apige soga kidogo, arudi. Binti alikwenda kwa aibu, amefunika taya kwa ncha ya kanga. Aliporudi, mistari miwili ilikuwa ikionekana, mmoja umekuwa wa kijivu na wa pili mwekundu kama tofali, na wa tatu ilibidi niinamie kuutafuta.

"Ule uliopotea ndio wako," mwenye duka alisema.

Akalilowesha sponji jipya, akalikamua hata lisitoe tone, akaanza upande wa kulia. Alikuwa akisema huku akifanya: usisugue, gonga, gonga kama unayemwamsha mtoto, poda si uso mzima, ni paji na pua na kidevu, mahali panapotoa mafuta, nyusi usiichore kama mstari wa rula, chora unywele mmoja mmoja ukifuata zilivyoota. Alipoimaliza nusu ya uso alisimama, akafuta mikono yake, akampa binti sponji na penseli. Mama mtu akaguna. "Si ummalizie tu, dada? Upande wako umekaa vizuri."

"Upande wangu Jumamosi haupo," alijibu mwenye duka.

Binti akageukia kioo. Alichukua muda mrefu, ulimi umetoka pembeni kidogo ya mdomo, na alipomaliza shavu lilikuwa na haki yake, lakini nyusi ya kushoto ilikuwa imepanda juu ya mwenzake kama mtu anayeuliza swali. Mwenye duka hakucheka. Alichovya pamba, akampa. Binti akaifuta ile nyusi, akaikamata penseli upya. Na mama yake akamwashiria bodaboda aende zake, akatua ndoo, akaketi kizingitini.